Mate ya Mzee Lesikar

Mzee Lesikar hakuwahi kununua mnyama bila kumshika miguu. Mnadani aliwaacha wenzake wapige kelele za bei, yeye akainama, akapapasa kwato na magoti, na akiinuka ujue ameshakata shauri. Ndiyo maana Jumamosi ile, mtamba wa mkewe alipokuwa akishikwa miguu na mtu mwingine, alishindwa kutazama. Alisimama upande wa pili wa mnada na simu sikioni, akijifanya anaongea, na simu yenyewe haikuwa na chaji.

Mtamba hakuwa wake, alikuwa wa Nosim. Kwao Waarusha mke hupewa ng'ombe wake, na uzao wa ng'ombe huyo ni mali ya nyumba yake. Mume akiugusa bila idhini, wazee wenzake watamsema mpaka aukimbie mtaa. Nosim alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja mzee aliyekaribia kukauka, pamoja na mtamba huyu mwenye mimba ya kwanza. Hapo Elerai malisho yalishageuka viwanja, viwanja vikageuka nyumba za kupangisha, na majani alikuwa akiyanunua kwa mzigo kama mtu anunuavyo mkaa. Hata hivyo kila asubuhi aliingia bandani akiwa na furaha, akiongea na mtamba yule habari za ndama. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesema auzwe.

"Mama Saning'o, fikiri tena," mumewe alimwambia usiku wa kuamkia mnada.

"Nimefikiri. Ng'ombe nitapata mwingine. Mtoto sitapata mwingine."

Mtoto huyo ni Lengai, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyebaki peke yake. Kaka yake Saning'o alikwenda Mererani kuwa apolo, maana yake kushuka mashimoni kutafuta tanzanaiti kwa ugali wa jioni na ahadi ya mgawo jiwe likionekana. Jiwe halikuonekana. Mvua za masika ziliingia shimoni, na Saning'o alirudishwa nyumbani amefungwa kwenye turubai. Tangu hapo jina la Mererani halikutajwa katika nyumba ile. Hata redio ikilitaja, Nosim aliizima.

Sasa binamu yao Meshack, aliyekuwa huko huko, alikuwa akimpigia Lengai simu mara kwa mara kumwambia nafasi ipo. Lengai alikuwa akikusanya hela za wateja katika chumba cha gemu mjini, chumba kikafungwa, na mwaka mzima wa kutafuta kazi haukumpa kitu zaidi ya viatu kuisha soli. Siku moja aliwaambia wazazi wake kwamba angekuwa na kompyuta ya gemu, hata moja tu, angeiweka chumba cha mbele na vijana wa mtaa wangelipa kwa saa. Bila hiyo angemfuata Meshack. Hakusema kwa kutishia. Alisema kama mtu anayesoma ubao wa matangazo, na hilo ndilo lililomwogopesha mama yake.

Usicheke, msomaji. Vijana wa Elerai wanaweza kukosa hela ya soda wiki nzima, lakini hela ya gemu hawakosi.

*

Fundi Nasri wa Daraja Mbili alisoma na Lengai sekondari, na ndiye aliyemsaidia kuokoteza vifaa. Skrini ilikuwa ya ofisi iliyofungwa, kava la kubebea vyote lilikuwa la mtu aliyehama, na bodi, ule ubao wa kupachikia vifaa, aliitoa Nasri mwenyewe kwa bei ya kirafiki. Kilichobaki kilikuwa prosesa, ubongo wa mashine. Hiyo Nasri alisema inunuliwe mpya, kwa sababu ubongo wa mtumba hujui umepata ajali gani.

Walikwenda kwa Ndesanjo, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na soko. Ndesanjo alikuwa na haraka, anajiandaa kwenda Nairobi kuchukua mzigo. Aliweka maboksi mawili juu ya kioo na bei zake hazikupishana sana. Nasri alisukuma moja mbele ya rafiki yake.

"Chukua hii. Spidi yake ya kawaida, lakini inatoa picha yenyewe. Hii nyingine inakimbia sana, ila bila kadi ya picha haikuoneshi kitu. Na kadi huna."

"Si bodi ina tundu la waya wa skrini?"

"Tundu ni tundu tu, kaka. Hakuna kinacholeta picha, litatoa nini?"

Simu ya Nasri ikaita. Mteja wake alikuwa mlangoni pa karakana anagombana na kufuli. Nasri akaondoka, akisisitiza kwamba achukue ile ya kawaida, na Lengai akabaki na maboksi mawili na Ndesanjo.

Tuseme ukweli, Lengai alikuwa ameshachagua wiki nyingi kabla ya siku ile. Ile inayokimbia alikuwa ameiangalia kwenye video za simu mpaka bando likaisha, akazisoma sifa zake mpaka akazijua kwa moyo. Nasri hachezi gemu, alijiambia, Nasri anatengeneza printa za maofisi. Alipomuuliza Ndesanjo wachezaji wengi huchukua ipi, Ndesanjo alijibu bila kuinua macho kwamba wa gemu huchukua hii, na ile nyingine ni ya makarani. Hakudanganya, aliulizwa swali moja akajibu hilo hilo. Hakumuuliza kijana kama ana kadi ya picha, na kijana hakutaka kuulizwa. Tundu lipo, Lengai alijiambia, lazima litatoa kitu. Mtamba wa mama yake akaingia ndani ya boksi dogo linaloenea kiganjani, na Lengai akatoka dukani akitembea kama bwana harusi.

*

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, Lengai alitandika khanga ya mama yake mezani na kuanza kuiunganisha mashine. Hakumwita Nasri. Alitaka wazazi wamwone akifanya kwa mikono yake mwenyewe. Jirani yao Naisula alikuja na mkwe wake mwenye mimba changa, na vijana wachache wa mtaa walijazana mlangoni. Nosim aligawa chai, na alikuwa amevaa shanga zake za sherehe.

Lesikar alikaa kwenye kiti chake na kofia magotini. Tangu mtamba aondoke alikuwa hana maneno mengi. Lengai alipofungua boksi, mzee aliomba aone. Kijana akaiweka prosesa kiganjani, akaigeuza, na chini yake vikaonekana vipini vidogo vya dhahabu, mamia kwa mamia, vimesimama wima.

"Kumbe ina miguu," Lesikar akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. Akanyoosha kidole.

"Baba, miguu yake haishikwi. Inapinda."

Mzee akarudisha mkono haraka, akauficha chini ya kofia. Halafu akasimama. Alikuwa ameipinga habari hii tangu mwanzo, na kila mtu mle ndani alijua. Sasa alitaka wajue kwamba ameikubali, na mzee wa Kiarusha anajua njia moja tu ya kulisema jambo kama hilo. Aliushika mkono wa mwanawe kwa chini, akaita jina la Engai, Mungu, akasema kitu hiki kimpe Lengai kazi, kimweke nyumbani, kizae kama mtamba alivyotarajiwa kuzaa. Akatema mate ya baraka, membamba ya mvuke, juu ya kiganja na kilichokuwa ndani yake.

"Amina," alisema Naisula.

Lengai alishtuka, lakini aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Mzee alipokwisha kukaa, aliipuliza prosesa, akaianika mbele ya feni mpaka ikakauka, kisha akaiweka mahali pake. Yote hayo yalionekana na watu.

Alipowasha, feni zilizunguka na taa nyekundu na za buluu zikajaa ndani ya kava. Vijana wakapiga makofi. Nosim aliweka birika chini ili apige na yeye. Kisha wote wakaitazama skrini, na skrini ilibaki nyeusi. Lengai alizima, akawasha. Akabadilisha waya. Akachomoa kila kitu na kukichomeka upya, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Skrini iliandika kwamba haioni kitu, ikarudi kuwa nyeusi.

Ni pale alipokuwa amepiga magoti nyuma ya meza, waya mkononi, ndipo maneno ya Nasri yalipomrudia yote, neno kwa neno. Tundu ni tundu tu. Alielewa kosa ni nini na ni la nani. Akatafuta namna ya kuinuka na kulisema, na kabla hajaipata, alisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye kiti.

"Ni mate yangu."

Lesikar akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ni mate yake, kitu cha umeme kimeingia maji. Nosim alimgeukia mumewe, na yeye ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumpandishia sauti mbele za wageni, alisema wasikie wote:

"Uliambiwa isiguswe."

"Sikuigusa, Mama Saning'o."

"Uliitemea."

Lengai alikuwa bado amepiga magoti. Neno moja tu lingetosha. Angesema, baba hana kosa, mimi ndiye nilichagua vibaya. Lakini ng'ombe alikuwa wa mama yake, mama yake alikuwa amesimama pale na shanga zake, na aibu ilikuwa imeshapata mtu wa kuibeba. Alinyamaza. Naisula alisema pole, akamshika mkwe wake mkono wakaondoka, na vijana wakatawanyika wakizuia vicheko mpaka walipofika barabarani.

*

Kesho yake Lengai aliibeba mashine hadi Daraja Mbili. Nasri alisoma jina lililoandikwa kwenye boksi, halafu akachomoa kadi ya picha kutoka kompyuta yake mwenyewe na kuipachika. Akawasha. Picha ikaja, safi, kubwa, hata vumbi la skrini likaonekana.

"Nzima kabisa," Nasri alisema. "Mbovu ni kichwa chako."

Lengai alimsimulia habari ya mate. Nasri alianza kucheka, akaacha. Alisema mate yale hayana hatia hata tone, na ikiwa mzee anajiumiza kwa hilo basi aambiwe leo leo. Kisha akampigia Ndesanjo huko Nairobi, wakazungumza kwa kirefu. Ndesanjo alikubali kuibadilisha kwa ile inayotoa picha yenyewe, mradi irudi kama ilivyotoka, safi na katika boksi lake. Angerudi Alhamisi, kwa hiyo waje siku hiyo. Nasri aliichomoa prosesa, akaisafisha mgongo, akairudisha ndani ya plastiki yake na boksi lake.

Lengai alipanda kurudi Elerai akiwa mwepesi. Siku tatu tu, na kila kitu kingenyooka. Alimkuta baba yake amekaa kwenye gogo nje ya banda, na sahani ya chakula cha mchana bado imefunikwa kando yake. Alikuwa amekuja na nia ya kusema. Alimwamkia, akaitikiwa, akajikuta anasema jambo jingine.

"Baba, Alhamisi nitairudisha dukani. Watanibadilishia."

"Umewaambia ilitemewa mate?"

"Hawana haja ya kujua hilo."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na yalikuwa ya woga pia. Kama angeongeza sentensi moja, hadithi hii ingeishia hapa na tungeicheka. Lakini alijiambia kwamba Alhamisi picha itatokea, mama atafurahi, na nani atauliza tena kosa lilikuwa la nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Lengai methali hiyo aliijibu kwenye mtihani akapata alama zote.

*

Lesikar hakulala vizuri siku zile. Mnadani kuna jambo moja lisilosameheka. Ng'ombe akiharibikia mikononi mwako, humrudishi kwa mwenyewe kimya kimya kana kwamba aliuzwa mgonjwa. Unakwenda mwenyewe, wewe uliyekosa, unavua kofia, unasema nilimfanya hivi, na mwenye mali akiwa mtu atakuhurumia. Alimkumbuka jamaa mmoja aliyemrudisha fahali aliyemlisha vibaya, akakana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuza wala kununua kwa nyumba ile, hata watoto wake walipokua. Sasa mwanawe alikuwa anakwenda kurudisha kitu kilichoharibiwa na baba yake na kuwadanganya wenye duka. Mate yake yalikuwa yamemla mtamba wa mkewe, na sasa yangemfanya Lengai mwizi.

Jumatano asubuhi, Nosim na Lengai walipokwenda kutafuta majani, mzee alilitoa lile boksi kabatini. Alitaka akirudishe kikiwa safi. Alifungua plastiki, akakitazama kile kitu kidogo na miguu yake ya dhahabu, na akadhani anaona madoa. Hakuishika miguu, aliambiwa haishikwi. Alichukua kitambaa chake cha kanisani, kilichofuliwa na kupigwa pasi, akaifuta. Aliifuta taratibu, huku na huku, kama alivyozoea kumfuta ndama macho, na nyuzi zilipokwama alizivuta polepole. Aliporidhika, alikifunga kitu ndani ya kitambaa hicho hicho, akakiweka mfuko wa ndani wa koti, akalichukua boksi mkononi na kushuka mjini kwa miguu.

Dukani alikuwepo binti mmoja muuzaji, Salwa, ambaye habari za simu ya Nairobi hakuambiwa. Kulikuwa na wateja, na Lesikar alisimama pembeni karibu na ndoo ya miavuli mpaka binti alipomwona.

"Shikamoo, babu. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu." Akavua kofia. "Mimi nimekuja kukiri kosa. Kijana wangu alinunua kitu hapa. Kilikuwa kizima. Mimi nilikitemea mate."

Duka zima likacheka. Kijana mmoja alimwomba mzee arudie kusema, na alipokuwa akirudia, kwa adabu, akidhani hakusikika, yule kijana alikuwa amekwisha inua simu anarekodi. Lesikar alieleza yote, kwamba ni mate ya baraka, kwamba hakukusudia, kwamba mwanawe hana hatia. Salwa hakucheka. Alifungua kitambaa juu ya kioo. Vipini vingi vilikuwa vimelala, vingine vimefumana na nyuzi, na vichache vilibaki kwenye kitambaa kama mbegu za mchicha.

"Babu, hii imeharibika. Hairudi tena."

"Kwa sababu ya mate?"

Nyuma yake mteja alikuwa akigonga kioo kwa funguo. Salwa alikuwa binti mwenye huruma, lakini alikuwa peke yake dukani na wateja wanne.

"Mate, kitambaa, mimi sijui, babu. Imeharibika tu. Pole sana."

Akampa soda. Lesikar aliinywa yote akiwa amesimama, kwa sababu kukataa ni dharau.

*

Alipofika nyumbani alikiweka kitambaa mezani mbele ya mkewe na mwanawe. Alisema amekwenda mwenyewe, amekiri, wamesema imeharibika, na kwamba jina la Lengai pale dukani ni safi. Hilo la mwisho alilisema kwa fahari kidogo.

Lengai alikifungua kitambaa. Alitazama, akakifunga, akatoka nje hadi nyuma ya banda, na huko alilia kwa kujiziba mdomo kwa mkono. Kusema sasa kulikuwa kumvua mzee kosa ambalo hakulifanya na kumvika kubwa zaidi ambalo alilifanya. Na kosa hilo kubwa lilizaliwa na nini, kama si kimya chake? Kwa hiyo akanyamaza mara ya pili, na safari hii aliamini ni kwa huruma.

Nasri alijaribu kuvisimamisha vile vipini kwa sindano na kioo cha kukuzia. Vilivyosimama vilivunjika, na vilivyokwisha ng'oka hapakuwa na wa kuvirudisha. Alisema vifaa vingine vitauzwa kidogo kidogo, ila ng'ombe havimrudishi. Aliuliza kama mzee aliambiwa ukweli ule wa Jumatatu. Lengai alisema ndiyo.

Nosim hakumlaumu mtu. Aliacha tu kuingia bandani asubuhi na furaha yake, akamkamua yule ng'ombe mzee kimya, na mumewe akimsemesha alimjibu kwa ufupi kama mtu anayemjibu mpangaji. Lesikar alizidi kujikunja ndani ya koti lake. Ibadani alikaa viti vya nyuma, maana ile video ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu hadi mtaa wa Engutoto, na watoto walipomwona njiani walitema mate hewani na kukimbia.

Meshack alipopiga simu tena, Lengai alipokea mbele ya wazazi wake. Alisema, "Nakuja."

*

Aliondoka asubuhi yenye ukungu, mlima wote umefunikwa kuanzia mashambani kwenda juu. Begi lake lilikuwa lile lile la Saning'o, kwa sababu hapakuwa na jingine. Bodaboda alikuwa anangoja barabarani, injini inaunguruma, na Nosim alikuwa amesimama mlangoni ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Lengai alimwendea baba yake, akainamisha kichwa. Alingoja. Hakusikia kitu, na alipoinua macho alimwona mzee ameziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, nibariki niende."

Lesikar akatikisa kichwa.

Hapo ndipo kijana alipopasuka. Alisema yote, haraka haraka, hapo hapo kwenye vumbi. Alisema mate hayakuwa na kosa, kwamba alionywa dukani akachukua yenye sifa, kwamba ilikuwa haina picha tangu ilipotoka kiwandani, kwamba kwa Nasri iliwaka siku ya pili yake na ilikuwa nzima kabisa. Alisema angeibadilisha Alhamisi. Alisema aliona aibu, akamwacha baba yake aibebe. Machozi yalimdondoka mpaka kwenye begi.

Nosim aliamini kila neno. Alimtazama mwanawe, akamtazama mumewe ambaye yeye hakuwa amempa neno jema siku zote zile, akateleza kwenye nguzo mpaka akakaa kizingitini.

Lakini Lesikar alikuwa anatabasamu. Aliuondoa mkono mdomoni, akamfuta kijana machozi kwa kidole gumba.

"Umelelewa vizuri," alisema. "Mtoto anayefunika uchi wa baba yake, Mungu anamwona."

"Baba, ni kweli."

"Ingekuwa kweli ungesema Jumapili ile, watu wakinitazama. Wewe si mtoto wa kuniacha niaibike mbele za watu. Nakujua mwanangu."

Bodaboda alipiga honi.

"Basi nibariki," Lengai alisema. "Hata kama unaona ni uongo. Baba, nakwenda kule chini."

Mzee akatazama barabara, akatazama begi.

"Saning'o alisimama hapo hapo uliposimama," alisema. "Nilimtemea mate mengi. Nilikuwa bado sijajua mate yangu yalivyo. Nenda, mwanangu. Nenda hivyo hivyo, ni salama zaidi."

Lengai alibaki ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akapanda bodaboda, wakateremka, na ukungu ukawachukua kabla hawajafika kwenye kona.

Tangu siku ile Nosim alimwambia mumewe mara nyingi kwamba kijana alisema kweli. Alimwambia kwa upole, alimwambia kwa ukali, hata Nasri alikuja siku moja kutoka Daraja Mbili kueleza mbele yake, na Lesikar aliwasikiliza wote, akawashukuru, akasema watu wema bado wapo duniani. Mkwe wa Naisula alipojifungua, Naisula mwenyewe alimleta mjukuu wake kwa mzee, kama ilivyo desturi, amtemee baraka. Lesikar alimpokea, akamtazama usoni, akamrekebishia kitambaa kilichoanguka kwenye sikio. Halafu akamrudisha mikononi mwa bibi yake, akasema mdomo wake unauma.